Kaburi Ambalo Baba Alisema Halina Kitu

Guangzhou, Jumatano, Mei 1998

Mvua tangu alfajiri, kuta za bweni zinatoka jasho, na mimi hata chai sina hamu nayo. Naandika kwenye ukurasa huu wa mtandao kwa sababu najua hakuna anayeusoma.

Tasnifu yangu imekataliwa.

Mwaka mzima nimelinganisha makaburi ya wafalme wa Misri na lile la mfalme aliyezikwa hapa Yuexiu. Sura ya tatu niliandika, tena kwa kujiamini, kwamba kaburi moja dogo karibu na lango la Bonde la Wafalme ni shimo la kifusi tu. Leo profesa kanitolea jarida. Kumbe miaka mitatu iliyopita wachimbaji walipenya nyuma ya kifusi kile wakakuta vyumba kwa makumi, walimozikwa wana wa Ramesi. Wenzangu wote walijua. Mimi nilikuwa Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, nikiwatafsiria wafanyabiashara wa Mbeya na kuwabembeleza malaoban, wale Wachina wenye maduka, washushe bei ya suruali.

"Umesimama mlangoni mwaka mzima," profesa aliniambia taratibu, "na hukusukuma."

Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini niseme ukweli, haukuwa uvivu peke yake. Kitabu nilichokitegemea ni cha marehemu baba, mwalimu wa historia, nilichokuja nacho kutoka nyumbani. Pembeni mwa ukurasa unaolitaja kaburi lile, kaandika kwa penseli: "Halina kitu." Ningeanzaje kumhakiki baba?

Ufadhili unaisha mwezi ujao, na nafasi ya kurudia hakuna. Mama ameshatangaza kanisani kwamba narudi na shahada. Kwaya inafanya mazoezi.

Nimemweleza Mama Neema, mmoja wa wale ninaowatafsiria. Hakunilaumu. "Pole, mwanangu," akasema. "Kazi kwangu ipo, hutalala njaa." Alinitakia mema, jamani, na hapo ndipo nilipolia.

Mchana nilichukua kifutio, nikaufungua ukurasa ule wa kitabu. Nimeshindwa. Ndio mwandiko wa baba pekee nilio nao.

Kesho saa mbili asubuhi niko Guangyuan Xilu tena, nauliza bei ya suruali. Jumapili nitamwandikia mama. Nitamwambia nilikuwa mvivu, sikusoma.

Penseli ya baba sitaitaja.