Tobia wa Kwenye Karatasi Hafi Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi nisamehe, salamu haiozi. Huku Gare mimi ni mzima, mama mkwe wangu Bibi Eliza mzima ila miguu, binti yangu Esteria mzima, mdogo wake Secilia yuko bweni naye mzima, hata ng'ombe kazaa salama, anayekosekana ni baba yao tu, Tobia, seremala, tulimzika mwezi wa nne, mvua ilikata barabara, Esteria akafika kutoka chuoni kaburi limeshafukiwa.

Sasa Esteria kamaliza chuo, anasubiri ajira, na kila Jumamosi mchana wanakaa mezani kwangu yeye na wenzake Zakia na Clemence wanacheza mchezo wa hadithi, kila mmoja ana mtu wake kamwandika kwenye karatasi, Clemence ndiye anayesimulia nchi na mazimwi yake, na ukitaka kufanya jambo unarusha dadu yenye nyuso ishirini, aliichonga marehemu mwenyewe kwa kipande cha mkulo, mti wa huku wenye harufu ya kafuri, mpaka leo inanukia. Mwanzo, walipocheza wakati wa likizo, sikuona ubaya. Mtu wa Esteria alikuwa ngazi ya kwanza, dadu ikitoa moja anaumia, Zakia anamcheka, "Shujaa gani huyu, kashindwa na nyani wa mahindi," nami nacheka nao.

Baada ya mazishi Esteria akambadilisha jina mtu wake, akamwita Tobia. Akapanda ngazi, akapanda, sasa yuko ya thelathini, na huko juu kabisa kuna kitabu chake cha sheria, nami niwe mkweli, ni tamu kuzisikia, anahamisha mlima, anauita ukungu unashuka, wafalme wanamwamkia. Lakini hesabu anazoongezewa ni kubwa mpaka dadu haina kazi, ikitoa moja anashinda, ikitoa ishirini anashinda, pigano moja linakula mchana mzima Clemence akifutafuta karatasi, na Zakia, mtu wake ni tabibu aliyebaki ngazi za nyuma, anakuja jikoni kumenya viazi na mimi, "Mama, huko sina kazi, hakuna hata jeraha la kutibu." Na akiuawa katikati ya pigano sheria inamrudisha. Kila Jumamosi namsikia mume wangu akifa na kurudi.

Jumamosi iliyopita ukungu uliingia mpaka ndani. Clemence akauliza, "Tobia, huna adui tena, unataka nini?" Esteria akanigeukia, sauti nzito si yake, "Onga mshi, mama Esteria," ndivyo marehemu alivyoniamkia kwa Kishambaa kila akitoka kazini, "nifungulie nichukue randa yangu." Mshauri, hiyo randa nimeifungia karakanani na zana zake zote, kwa sababu siku ya kuanua matanga ukoo hugawana vitu vya marehemu, nami miezi saba sasa nawaambia ufunguo umepotea, nao uko kifuani kwangu. Sikumwambia mtu. Nikainuka, nikamimina kahawa kwenye kikombe cha marehemu, nikakiweka mahali pake. Niliporudi na viazi kilikuwa kitupu, na wote watatu wanasema hawakukigusa. Tangu siku hiyo nakiweka kila siku.

Jumamosi hii wanafika kwenye sheria ya mwisho, anayepita ngazi zote haguswi na dadu tena, hafi milele, yuko kila mahali. Esteria anataka mimi mwenye nyumba niseme ndiyo. Nikikubali naogopa, nikikataa nimemzika mara ya pili. Nijibu upesi, hata mstari mmoja, kabla hawajakaa mezani.

Mama Esteria, Gare

*

Mama Esteria, marahaba, na pole sana. Sasa sikiliza.

Mpwa wangu Ismaili anaucheza mchezo huo, nimemuuliza. Anasema uzuri wa ngazi za juu ni kwamba mnyonge anapata mahali pa kuwa mkubwa. Binti yako hakuweza kuzuia mvua wala kuwahi kaburi, ndiyo maana anahamisha milima. Usimkemee. Ubaya wake, anasema, ni kwamba pasipo kushindwa hakuna hadithi. Dadu ndiyo pekee pale mezani isiyompendelea mtu. Ukiinyamazisha, unajisikiliza mwenyewe tu.

Kuhusu randa, Esteria ana macho. Kufuli analiona kila akienda kukamua. Mtoto wa seremala asijue randa iko wapi? Wewe unamlaumu kwa karatasi yake, na kifuani una ufunguo. Nyie wawili mnacheza mchezo mmoja.

Basi fanya hivi. Kesho mwite Bibi Eliza, mpe ufunguo mbele ya Esteria, useme ulidanganya. Ukoo wataguna, watakusamehe. Matanga yaanuliwe Jumapili, zana zigawiwe, na randa umwombee Esteria, ni haki yake kuomba. Jumamosi usiseme ndiyo. Mwambie Clemence, kwa heshima, amrushie Tobia dadu ile ya mkulo mara moja, bila nyongeza yoyote, kama siku ya kwanza ya nyani. Itakachotoa, aishi au afe, kikubaliwe, na wewe ukae hapo hapo umshike binti yako mkono. Kisha waanze karatasi mpya, ngazi ya kwanza wote, Zakia apate wa kutibu.

Kikombe sikuulizi. Kioshe, kikaushe, nacho kigawiwe. Kama mchana huo wa Jumamosi mtasikia mtu anapiga randa karakanani, angalieni kwanza kama Esteria yuko mezani. Kama hayupo, ni yeye. Kama yupo, msifungue, salini, asubuhi mkaanue matanga.