Sahihi Nilizomtilia Atieno

Jumatatu, 19 Mei

Sisi hapa wazima. Mama mkwe mzima, mgongo tu unamsumbua. Mtoto wangu mdogo, Ouma, mzima, ameota jino. Dada yake Atieno mzima. Baba yao yuko kisiwani Rusinga anavua samaki, sijamsikia leo lakini naandika mzima. Mimi pia. Naanza hivi kila siku. Barua ndiyo kitu pekee nilichofundishwa kuandika, nikinakili ubaoni, kabla ya kutoka shule, darasa la tano.

Jioni nimekaanga samaki wa kuuza mlangoni. Atieno alisoma nyuma yangu kama kawaida. Yuko gredi ya tatu. Madam wao anataka kila mzazi amsikilize mtoto ukurasa mmoja kila jioni, kisha atie sahihi kwenye daftari. Mafuta yakiwa moto huwezi kugeukageuka. Nasikiliza tu. Anasoma kama maji. Nimetia sahihi.

Jumanne, 20 Mei

Madam amenisimamisha langoni. Daftari la Atieno ndilo pekee lisilo na pengo darasa lote. Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Nisimame niwaeleze wengine ninavyofanya. Nikasema sawa. Nimempigia Baba Atieno. Akacheka. "Nyar Karungu," ndivyo anavyoniita, binti wa Karungu, "sasa wewe ndiye wa kuhubiria wazazi?"

Nimefurahi. Nimefua ile nguo ya kijani.

Jumatano, 21 Mei

Atieno alikuwa anasoma hadithi ya mbuzi. Sauti nzuri, anapumzika kwenye nukta. Nikageuka kuchukua chumvi. Mikono yake mitupu.

"Kitabu kiko wapi?"

"Nimekiacha shule."

"Na unasoma nini?"

"Ukurasa wa leo, Mama."

Hakuona ubaya wowote. Samaki wakaungua.

Nikaenda kwa jirani, Mama Boke. Boke wake yuko darasa moja na Atieno. Nikaazima kitabu alichonunuliwa Boke. Nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa. Atieno akaangalia mdomo wangu. Kisha akaanza kutoka juu, kimoyomoyo, anahesabu maneno mpaka afike pale. Nikafungua ukurasa ambao hawajafika. Akaanza kulia.

Kumbe shuleni kitabu ni kimoja kwa watoto wanne. Madam anasoma, wao wanaitikia, mara tatu. Yeye anashika kwa masikio.

Hajui kusoma. Na sahihi zote ni zangu.

Sisikii kitu. Kama mguu uliokufa ganzi.

Alhamisi, 22 Mei

Sikuuza. Mama Boke alikuja kuchukua kitabu chake, nikamwambia. Akasema, "Nyamaza tu, dada yangu. Atavuka kwenda gredi ya nne na wenzake. Ukifungua mdomo watamrudisha kwa watoto wadogo, na wewe utachekwa soko zima."

Ana akili, Mama Boke. Nimefikiria siku nzima nikichambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Nikinyamaza, atavuka. Akivuka, huko mbele nani atamfundisha herufi? Hakuna mtu. Mimi pia nilivushwa hivyo hivyo. La tano nikachoka kujifanya, nikabaki nyumbani. Kusoma nilikuja kujifunzia kanisani, mtu mzima, na kitabu cha nyimbo.

Atieno ameniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana, nyathina, mtoto wangu. Hakuniamini.

Ijumaa, 23 Mei

Mkutano. Nguo ya kijani. Madam akasema tumpigie Mama Atieno makofi. Wakapiga. Nikasimama.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakatoka machache. Nikasema mimi huwa nakaanga samaki, mtoto nimempa mgongo, kisha natia sahihi. Nikasema mtoto wangu hajui kusoma, anajua kukariri.

Baba mmoja nyuma akasema, "Sasa huo ndio mfano?" Watu wakacheka. Madam hakucheka.

Baadaye akaniita ofisini. "Mama Atieno, ungeniambia mimi kwanza." Ni kweli. Nikasema pole. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema kuanzia Jumatatu, saa ya kusoma, Atieno atakaa gredi ya kwanza aanze na herufi. Masomo mengine atabaki na wenzake.

Sikulia. Nilitembea mpaka nyumbani. Njia siikumbuki.

Jumatatu, 26 Mei

Nimempeleka mpaka mlangoni. Dawati ni fupi, magoti yake hayaingii chini. Mtoto mmoja mdogo akamwuliza, "Wewe ndiye mwalimu mpya?" Hakuniangalia. Nikaondoka.

Jumatano, 28 Mei

Asubuhi, kwenye mlango wa gredi ya kwanza, nimemkuta Boke. Na wengine watano wa gredi ya tatu, wamesimama na penseli. Madam amewapima wote kwa ukurasa wasioujua. Mama zao walinipita bila salamu. Mama Boke pia. Inaniuma? Sijui. Labda kesho.

Jioni sikuwasha jiko kwanza. Tulikaa kwenye gunia, kitabu cha gredi ya kwanza katikati. Mistari miwili tu. Alikwama kwenye neno moja, akaangalia mdomo wangu. Nikaufunga. Akarudi kwenye herufi, moja moja, mpaka akalipata. Halafu akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Baba yake bado alikuwa hajui. Kumpigia sikuweza. Nimemwandikia kwa simu: Atieno anaanza herufi upya, na wadogo. Ni mimi niliyesema mkutanoni. Ukija usimwambie asome mbele ya watu. Nijibu haraka.