Mikono Juu ya Mabawa

Kinoru, Meru
Jumapili mchana

Dada yangu Kanini,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti la Mama linaendeleaje? Na ndengu je, mlivuna kitu au mvua iliwakimbia tena? Nasikia huko Ishiara mbuzi wamekonda hadi wanunuzi wanawacheka. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma, na tafadhali yasome ukiwa peke yako. Ningekupigia, lakini najua wewe simu huiweka kwa spika ili Mama naye asikie, na haya siwezi kuyasema Mama akisikia.

Nianze na Ndwiga. Alhamisi daktari alituita, mimi na Lenah mkewe, akasema mgongo umevunjika vibaya na kaka yetu hatatembea tena. Lenah, maskini, aliuliza ni mpaka baada ya miezi mingapi. Ilibidi daktari arudie. Tulipoingia wodini tukijiuliza nani aanze kusema, tulikuta Ndwiga alishajua. Alituambia tusihangaike, kwamba hiyo miguu anaiona tu pale kitandani kama ya mgonjwa mwingine.

Wewe ile ndege hukuiona, uliisikia tu watu wakiicheka. Miaka minne aliijenga hapa Kinoru, nyuma ya karakana yake, kwa mabomba ya alumini, turubai, na injini ya gari kuukuu. Mimi nilidhani ni wazimu, na nilimwambia hivyo. Siku moja akanipakia kwenye pikapu, akaniambia nitoe mkono dirishani, nikunjue kiganja, halafu nikiinue kidogo upande wa mbele. Weee! Upepo uliurusha mkono juu nikajigonga kwenye mlango. Alicheka sana, akasema bawa ni hicho kiganja tu.

Baada ya hapo nikawa msaidizi wake. Alinifundisha kwamba mkiani kuna kibao kilichosimama, ambacho rubani hukisukuma kwa miguu ili pua iende kushoto au kulia, na kibao kilicholala, cha kuinua au kushusha pua. Lakini alichokipenda zaidi ni vile vibawa viwili vidogo vya ukingoni mwa mabawa, huku nyuma karibu na ncha. Aliviita masikio. Ukiulaza kushoto ule mpini anaoushika rubani, sikio la kushoto huinuka na la kulia hushuka. Basi upepo hukandamiza bawa la kushoto na kuinua la kulia, na ndege hulala kushoto. Alilirudia somo hilo mpaka hata Lenah akalijua, akawa akituonyesha jikoni kwa mwiko.

Siku ya kuruka tuliipeleka Timau kwa lori, kwenye shamba la ngano lililokuwa limevunwa. Mabawa tulikuwa tumeyafungua ili yatoshe kwenye lori, na nyaya zinazounganisha masikio na mpini nazo tukazifungua. Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyezifunga tena. Halafu tukaanza kukagua kama desturi yetu, yeye amekaa kwenye kiti akisukuma mpini, mimi nimesimama nyuma nikimwambia kinachoinuka na kinachoshuka. Tulimaliza mkia wote. Yalibaki masikio.

Hapo ndipo Mchungaji Kithinji alipofika na waumini wake, amechelewa, na mawingu yanateremka kutoka mlimani. Unatujua sisi. Hata mashine ya kusaga unga haiwashwi kabla haijaombewa. Mchungaji akawaita watu wote waje waiwekee ndege mikono. Wazee wakashika bawa la kushoto, kina mama wakashika la kulia, na masikio yote mawili yakawa chini ya viganja vya watu. Ndwiga hakuweza kuusogeza mpini, naye hakutaka kumkatiza mtumishi wa Mungu. Na mimi nikafumba macho. Yalikuwa maombi marefu, dada. Yalipofika amina, vigelegele vilipanda na tone la kwanza la mvua likanipiga shingoni. Ndwiga aliniangalia kutoka kwenye kiti, akainua kidole gumba, maana yake kuuliza kama tuko tayari.

Nami nikainua changu.

Ilipanda vizuri ajabu. Watu walilia kwa furaha. Halafu ikalalia upande wa kulia kidogo, ikalala zaidi, ikalala kabisa, na bawa la kulia likachimba shamba.

Mpaka juzi, kila siku Ndwiga alikuwa akinisimulia yale yale. Alisema iliposukumwa na upepo ikalalia kulia, yeye alivuta mpini kushoto kuirudisha, ikazidi kulala kulia, naye akazidi kuvuta kushoto. Ijumaa alinishika mkono, akaniuliza kama nina hakika masikio yalikuwa sawa. Nikamwambia nina hakika. Akasema basi ni yeye, bila shaka hofu ilimchanganya akavuta kulia akidhani ni kushoto. Alisema mtu asiyejua mkono wake wa kushoto hakustahili kuruka. Akamwambia Lenah aite watu waikatekate ndege iwe chuma chakavu. Hajaitaja tena, wala karakana haitaji.

Dada, kaka yetu alivuta kushoto. Hakukosea hata kidogo. Nilipofunga zile nyaya nilikuwa nimelala chali chini ya ndege, kichwa upande wa pua, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa upande wa kulia wa ndege. Nilizipishanisha, masikio yakawa yanakwenda kinyume cha mpini. Ningemwambia tu asubiri tukague baada ya amina, tungeliona kosa. Niliona haya mbele ya watu.

Na lililo baya zaidi ni hili. Walipokuwa wakimbeba Ndwiga kumpeleka kwenye gari, mimi nilibaki nyuma na koleo nikazikata zile nyaya zote mbili. Waliokuja kuchunguza walikuta zimekatika, wakadhani ni kwa kishindo.

Mficha uchi hazai, najua. Najua pia utakachoniambia, kwamba niende nimwambie leo. Siwezi. Kila saa mbili lazima ageuzwe asipate vidonda, wauguzi hapa wodini ni wachache, na Lenah hana nguvu hizo. Ni mimi ninayemwinua na kumwogesha. Nikimwambia, hii mikono hatakubali imguse tena, na nani atamgeuza? Nisipomwambia, atazeeka kitandani akijiita mjinga. Nimelifikiria hili mpaka kichwa kinauma, na sioni njia.

Nisalimie Mama, umwambie ule uji wa wimbi alioutuma ulifika na Ndwiga aliunywa. Wasalimie majirani wote wanaouliza.

Ndwiga ameniona nikiandika, naye anakusalimu sana. Ameniomba nimwandikie Mama kwamba kosa lilikuwa la mkono wake mwenyewe, na mtu yeyote huko nyumbani asithubutu kunilaumu mimi, kwa sababu kazi yangu niliifanya sawasawa. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Muchangi