Kamba Iliyojibu Salama

Mdogo wangu Ramadhani,

Asubuhi ile ya chai bado inanirudia. Ulikuja kwangu Nakawa kwa bodaboda, ukaketi barazani, ukajimiminia kikombe, kisha ukauliza, "Kaka, nimefikaje hapa?" Nilikujibu. Ulipiga funda moja, ukauliza tena kwa sauti ileile. Nilidhani ni mzaha, maana kunitania ilikuwa kazi yako ya pili, baada ya kupiga mbizi. Lakini jina langu ulilijua, na adhuhuri ulisali bila kukosea rakaa. Alasiri akili ilitulia; asubuhi yenyewe haikukurudia kamwe.

Nilikupeleka kwa daktari, akakukataza kuzama mpaka uchunguzwe, akataka na mwenzako wa kazi ajulishwe. "Nchi kavu ukisahau, unauliza," alisema. "Chini ya maji utamwuliza nani?"

Njiani kurudi ulicheka. "Kaka, Wasswa mwenzangu akijua hatanishusha tena ziwani. Wewe hata beseni unaliogopa." Nilikutaka umwambie. Ukasema, "Nitamwambia, inshallah." Ulilitumia jina la Mungu kunifunga mdomo.

Bila kuchunguzwa, mlikwenda naye Gaba, ziwani, kutafuta injini ya mtumbwi iliyozama. Maji yale ni giza, na kamba ndiyo ilikuwa mdomo wenu. Wasswa, juu mtumbwini, akivuta mara moja, anauliza hali. Nawe ukivuta mara moja, u salama. Ukivuta mara mbili, upandishwe. Wewe ndiye uliyemfundisha.

Alivuta, ukajibu salama. Wakati wa kupanda ukapita. Alivuta tena, ukajibu salama. Akadhani umeiona injini na unaifunga. Mkono wako haukusahau kazi yake, kama ulivyokuwa hukusahau rakaa. Ulichosahau ni kwamba ulikuwa umeshuka zamani, na kwamba mtungi mgongoni ulikuwa unakwisha hewa. Mapovu yalipokoma, alikuvuta bila kuuliza. Alivuta maiti.

Mazishini Wasswa alinijia, viganja vimechunika kwa kamba. "Mzee, nyinyi mulijua?"

"Tulijua."

"Basi mimi peke yangu ndiyo sikujua," alisema, akaenda kusimama mbali na jeneza.

Angejua, asingeliamini jibu lile la pili. Ulilinda kazi yako kwa kumnyima neno moja mtu aliyeshika uhai wako mikononi. Sasa yeye hashiki tena kamba, na watu wa Gaba wananong'ona juu yake.

Kila Ijumaa nakuombea dua, kwa kuwa ni wajibu. Msamaha sijaufikia. Lala, Ramadhani, huko hakuna anayevuta kamba kukuuliza.

Ni mimi kaka yako,
mwoga wa beseni.