Mzito Atangulie

Rumonge, Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1998

Kwa dada yangu mpenzi Mwanahamisi,
Kigoma

Assalaam alaykum.

Baada ya salamu, pokea heshima zangu na umfikishie mama za kwake, umwambie nimezituma nikiwa nimesimama, maana kukaa kumenishinda. Vipi hali yako, na ya mtoto? Nour ameshaota meno? Na pumu ya mama, upepo wa Kigoma umeipoza, au ndiyo kwanza imepata mahali pa kutambia? Mimi, ukiuliza mwili, ni mzima. Nakula ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na muhogo, homa sina. Ukiuliza mengine, soma hadi chini. Ila nakuomba usome ukiwa umekaa, angalau mmoja wetu awe amekaa.

Hii ni karatasi ya tatu tangu asubuhi. Ya kwanza niliifutia mafuta ya mnyororo kwa kusahau, ya pili niliichana mwenyewe. Kila nikiandika mistari miwili nainuka, nazungusha gurudumu la mtu, narudi nakuta mawazo yamehama. Fatuma wa chai ananiambia leo nimepita mbele ya meza yake mara tisa bila kununua hata andazi, kwamba kama natafuta mchumba niseme tu. Nimecheka, nikapita mara ya kumi.

Najua unachongoja. Samy aliporudi kutoka Kabonga na mtumbwi wake wa samaki alikufikishia kwa mdomo kile nilichomtuma: kwamba Jumapili ya tarehe mbili, mimi na shemeji Lukeba tulikuwa tunashuka kutoka Bururi, kwamba penye kona ya mikaratusi watu wenye bunduki walitufyatulia risasi, kwamba nilipata pancha tukapotezana, na kwamba tangu siku hiyo mumeo hajaonekana. Casimir na waendesha baiskeli wenzetu walipanda kesho yake na msafara wa malori, wakakuta maharage yametapakaa barabarani, baiskeli hakuna, mtu hakuna. Hayo ndiyo unayoyajua. Sasa niache nianzie nyuma kidogo, nikikimbilia mbele nitakosa pa kushika.

Kazi yetu unaijua. Tunapanda na bidoni, yale madumu ya mawese, tukiwa tumeng'ang'ania nyuma ya malori ya msafara, tunauza huko juu, kisha tunashuka wenyewe na maharage, maana malori hayamngoji mtu. Na sheria ya mumeo unaijua pia, alikuwa akiimba hata mezani kwako: kwenye mteremko, mzito atangulie. Mwenye mzigo mkubwa hukaa mbele, kwa kuwa breki zake hazina nguvu na akiwa nyuma atawagonga wenzake. Mwepesi hukaa nyuma yake, kwa kuwa ndiye anayeweza kusimama. Mzito akianguka, mwepesi yupo wa kumwokota. Hakuna kumpita mtu. Waendesha baiskeli wote wa barabara ile, Wakongo kwa Warundi, Waislamu kwa Wakristo, wanaifuata, na aliyewahi kuivunja hapewi hata maji ya kunywa.

Mimi, mdogo wako, nikapatwa na wazimu wa matairi. Ile vetete, baiskeli ya milimani aliyoiacha yule Mzungu wa shirika alipokimbia, ilikuja na matairi manene yenye meno makubwa, mazito hata ukiyainua unadhani kuna mtu ndani. Yanashika kokoto, hayaogopi jiwe, lakini yanaburuta. Mwezi wa sita nikapata kwa mfanyabiashara wa Nyanza-Lac jozi nyingine ya kipimo kilekile, matairi mepesi, meno mafupi, ubavu mwembamba hivi kwamba unaweza kulikunja tairi zima ukalitia kwapani. Nililipima kila moja kwa mizani ya Biasha muuza samaki: tairi zito lililingana na samaki wanne wakubwa wa mikeke, jepesi halikufika wawili. Dada, siku ya kwanza niliyoshuka nayo niliimba peke yangu. Baiskeli inainuka upesi, inakata kona kabla hujaamua, upepo unakupiga mpaka machozi.

Shemeji aliyashika, akayabonyeza kwa kidole gumba, akasema kwa Kiswahili chake cha Fizi, Kongo, kwamba hii si mupira, hii ni ganda ya ndizi. Akaniuliza nitabeba nini juu yake. Nikamjibu kwamba nyakati hizi mtu habebi, mtu anapita. Akacheka, lakini kuanzia siku hiyo alipunguza mzigo wangu akauongeza kwake, ili matairi yangu yasipasuke. Nami nilikuwa nashuka nyuma yake kilomita na kilomita, vidole vimekufa kwenye breki, nikiutazama mgongo wake na magunia yake mawili, namlaani kimoyomoyo kwa uzito wake. Ule uzito nusu yake ulikuwa wangu.

Sasa habari mpya, na hii hajaijua mtu mwingine hapa. Jumanne alikuja kibandani mama mmoja wa huko juu, jina lake Esperance, anauza maharage sokoni. Alinisalimu amahoro, akajifanya anaulizia spoki, akangoja watu wapungue. Kisha akasema taratibu: iko mutu kwetu. Kwamba mama mkwe wake alimkuta kwenye shamba la migomba, risasi imempita kwenye paja na mguu umevunjika chini ya goti. Kwamba anaongea Kiswahili cha Kongo. Kwamba wamemficha kwa sababu mtu mwenye jeraha la risasi akionekana na upande huu wa vita ataitwa mtu wa upande ule, na akionekana na upande ule ni yaleyale. Mguu umevimba na umeanza kunuka. Lori halifiki kwao, kuna njia ya baiskeli tu. Aliambiwa asimwambie mtu yeyote ila fundi wa matairi mepesi, na maneno aliyopewa ni haya: mumwambie muzito iko bado nyuma.

Yuko hai, dada. Ilikuwa niandike hilo juu kabisa, ningekuwa mtu mwenye adabu. Yuko hai, au alikuwa hai Jumanne.

Utauliza kwa nini leo ni Ijumaa na bado naandika barua. Ndilo swali ninalozunguka nalo. Jumanne ileile nilitoa matairi mepesi nikavalisha mazito, kwa sababu mwanamume mzima kwenye karia, juu ya kokoto zile, matairi mepesi yatapasuka kabla ya kona ya pili. Jumatano nikaikumbuka mikaratusi, nikatoa mazito nikarudisha mepesi: angalau nikifyatuliwa nitoke. Jana asubuhi mazito. Jana mchana mepesi. Rimu zimechubuka. Casimir alinikuta nafanya hivyo akaniwekea mkono begani, akasema nisijilaumu, pancha ni kazi ya Mungu. Kila mtu hapa ananifariji kwa ajili ya ile pancha. Imamu amenitaja kwenye dua. Chakula naletewa.

Dada Mwanahamisi, pancha haikuwepo.

Risasi zilipolia, Lukeba aliyumba, mguu mmoja ukatoka kwenye pedali, lakini hakuanguka papo hapo. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yake. Nilikuwa mwepesi, breki nzima, ndiye niliyeweza kusimama. Sheria yote ilitungwa kwa ajili ya dakika ile moja. Nikaachia breki. Nilimpita upande wa kulia, karibu naye hata kiwiko changu kiligusa gunia lake. Alinitazama. Hakuwa na hasira, nadhani alifikiri breki zangu zimekatika, kwa sababu aliniita akaniambia, shika, Hakimu, shika. Alikuwa ananionea huruma mimi. Sikugeuka. Nilisikia baiskeli yake ikianguka nyuma yangu, na yale matairi yalinichukua mpaka chini bila kukosea hata jiwe moja.

Nilisimama kwenye michikichi, kabla ya nyumba za kwanza. Nikatoa msumari kwenye kifuko changu cha vifaa, nikalichoma tairi la nyuma mwenyewe, nikaingia mjini nikiisukuma baiskeli huku nalia. Kilio kilikuwa cha kweli. Tundu lilikuwa la msumari wangu. Nililiziba kwa mikono hii mbele ya watu waliokuwa wakinipa pole, na Samy akaibeba pancha hiyo mpaka kwako.

Shemeji hajui kuhusu msumari, lakini kuhusu breki nadhani anajua sasa. Ametafakari siku kumi na mbili akiwa amelala. Na bado aliyemwita ni mimi. Angeweza kumwita Casimir, ambaye angekuwa ameshafika.

Leo baada ya swala nimefanya jambo moja nisiloweza kulitengua. Nimevalisha matairi mazito, kisha nikachukua mkasi nikaikata mipira ya ndani ya yale mepesi, nikaichana vipande virefu virefu. Matairi yenyewe nimeyapasua kati kwa kisu cha Biasha. Aliniuliza kama nina akili timamu, nikamwambia ndiyo kwanza zinarudi. Vile vipande vya mpira ni kamba nzuri, vinavutika bila kukatika. Kesho alfajiri napanda na Esperance na akina mama wa maharage. Nitamweka shemeji kwenye karia, nitamfunga kiunoni kwangu kwa kamba hizo, na tutashuka kwa mwendo wa jeneza ikibidi.

Barua hii ataileta Samy, nimemwambia asikuongezee lolote kwa mdomo. Ukitaka kunilaani, nilaani mimi, usizilaani salamu. Mama usimsomee sehemu ya mwisho mpaka ujue tumefika. Ukijua hatukufika, msomee yote. Mbusu Nour shingoni, pale anapochekea. Wasalimie majirani wa huko nisiowajua, waambie wakuangalie. Mlango wako wa hapa Rumonge nimeufunga, ufunguo uko kwa Fatuma wa chai.

Safari hii, dada, mzito atakuwa nyuma yangu, nami nitakuwa nimefungwa naye.

Ni mimi mdogo wako,
Hakimu