Maziwa Hayafiki Kifuani

Mtaa wa Moro,
Chimbote, Peru.
9 Agosti 1998

Mpendwa Dada Zoraida,

Hujambo huko Torino, Italia? Joto la Agosti halijakuyeyusha? Mama hajambo, bado anagombana na kuku wa jirani. Mke wangu Nélida naye mzima, ananipikia supu ya samaki utadhani mimi mzazi. Ila mimi, dada, sikufichi: kifua kimeharibika.

Mwezi uliopita tulichomelea tangi la meli, tumo ndani, mabati ya zinki matupu, bila feni. Jioni homa ikanishika. Nikasema ni ile homa yetu wachomeleaji ya Jumatatu, ya moshi wa zinki, kesho itaisha. Haikuisha. Nililazwa siku kumi na moja, napumua kwa mpira wa oksijeni.

Unalikumbuka kopo la maziwa tunalopewa karakanani kila asubuhi? Miaka kumi na tisa nimekunywa, nikiamini yanaosha moshi. Hata wewe ulikuwa ukinihimiza. Daktari aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee Eleuterio, maziwa yanakwenda tumboni. Kifuani hayana njia!" Loo! Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira.

Juzi bosi wetu, Ugarte, alikuja nyumbani na karatasi. Imeandikwa kwamba kila siku nilipewa kinga, nikaugua kwa uzembe wangu. Nikisaini, ananipa kazi nyepesi ya stoo. Nisiposaini, sina kazi.

"Kinga gani hiyo?" nikamwuliza.

"Si maziwa?" Wala hakupepesa macho.

Nélida alinikonyeza nisaini. Simlaumu, sufuria ni yake. Lakini wenzangu kumi na wawili bado wanaingia tangi lile, na wakiugua kesho karatasi hiyo ingewafunga midomo na wao. Nikachukua kalamu, nikafuta "kinga", nikaandika "maziwa", ndipo nikasaini.

Ugarte akaiva uso. "Umejifukuza mwenyewe!"

"Haya, na wewe kanywe kopo moja," nikamwambia, "huenda likakuosha roho."

Jana, habari hiyo ilipowafikia, wenzangu waligoma kuingia tangini. Makopo yao waliyapanga langoni, hata moja halijafunguliwa. Nami nilikwenda kwa miguu, nikipumzika kila kona, nikaweka la kwangu, lililobaki nyumbani, juu kabisa.

Nisalimie shemeji Gualterio na mapacha. Mungu anayesikia kelele za Mama akulinde na wewe. Usilie, dada, sijashindwa.

Nduguyo akupendaye, mwenye nusu ya mapafu na mdomo mzima,
Eleuterio