Kwao Dar Inafunguka

Jumatatu, Kahama. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la malori limeingia mpaka kwenye kompyuta. Nina hasira, na leo sitaki mtu aniambie nitulie.

Kosa nimeliona. Mstari mmoja tu.

Kampuni yetu inaendesha tovuti ya chuo kinachofundisha kuendesha mitambo ya migodini. Waliochaguliwa walitakiwa kuthibitisha nafasi zao humo, mwisho Ijumaa. Wiki iliyopita tovuti ikapewa jina jipya, na tangu hapo watu wa Masumbwe, Runzewe na Kagongwa hawakuacha kunipigia: ukurasa unazunguka tu, kisha simu inaandika kwamba umeelekezwa mara nyingi mno.

Mmoja wao ni Mwajuma, binti wa muuza mabuti na kamba za wachimbaji pale Masumbwe. Baba yake alishamtangazia kila mteja kwamba mwanawe ataendesha mtambo.

Nikapeleka taarifa Dar. Injinia wetu mkuu, ambaye siwezi kumtajia kazi kabla ya shikamoo, alinijibu kwa upole wake wote. "Mama Shija, mbona hapa kwangu inafunguka? Mtandao wa huko machimboni tunaujua. Waambie wafute kumbukumbu za simu."

Mwajuma akafuta. Alifuta mpaka picha za harusi ya dada yake, maana nilimwambia afute. Ukurasa ukaendelea kuzunguka.

Nikaomba waitazame seva ya Mwanza, ile kompyuta inayowafungulia tovuti watu wa huku. Mimi sina ruhusa ya kuingia huko. Mimi ni mtu wa mikoani, kazi yangu kupokea simu na kupoza watu. Kwenye kundi letu la kazi kila mtu akaandika kwamba hata kwake inafunguka. Wote wako Dar.

Lazima ifunguke. Tuna seva Dar na Mwanza, na DNS, daftari la majina ya mtandao, ndiyo inayoamua nani aende wapi: wa pwani Dar, wa Kanda ya Ziwa Mwanza. Seva ya Dar waliibadilisha vizuri. Ya Mwanza waliisahau, ikabaki na amri ya kumrudisha kila mtu kwenye jina la zamani. Jina la zamani liko Dar, na Dar inampeleka kwenye jina jipya. Jina jipya, kwa mtu wa huku, ni Mwanza tena. Hapo ndipo watu wangu walipozungushwa mpaka Ijumaa ikaisha.

Waliopona ni wenye ndugu Dar. Walimtumia shemeji namba zao za maombi, akawathibitishia akiwa sebuleni kwake.

Leo nimeruhusiwa kuchungulia seva ya Mwanza, nadhani ili ninyamaze. Nikamwonyesha Injinia ule mstari, akaufuta hata simu hatujakata. Nikaomba watu waongezewe siku. Akasema nafasi zimeshakwenda kwa waliokuwa akiba, na kwamba waliojitahidi walithibitisha.

Waliojitahidi.

Mchana Mwajuma akapiga. "Shikamoo Mama Shija. Leo imefunguka, tena haraka." Nikaitikia marahaba. "Inasema nafasi zimejaa. Sasa nibonyeze wapi?"

Nilimwambia hakuna pa kubonyeza. Akanishukuru kwa kuhangaika naye. Afadhali angenitukana.

Jioni hii Injinia amenitumia maneno ya kuwapelekea waombaji wa huku: kulikuwa na hitilafu ya mtandao wa simu mikoani. Anataka niweke jina langu chini, kwa kuwa mimi ndiye wanayemfahamu.

Jina nitaliweka. Maneno nitaandika yangu: simu zenu zilikuwa nzima, mtandao wenu ulikuwa mzima, ni seva yetu ya Mwanza iliyowazuia, na mlituambia mapema tukawapuuza. Nakala itakwenda kwa mkuu wa chuo, pamoja na majina ya wote walionipigia, la Mwajuma likiwa juu.

Kazi hii naipenda. Huenda kesho jioni nisiwe nayo.